Kubadilisha mkanda wa taimingi ukiwa Kigoma: gharama, spea na namna ya kuisimamia kazi

Mkanda wa taimingi kwa kawaida haulii. Ule unaopiga kelele asubuhi ukiwasha gari, hasa kipindi cha mvua, ni mkanda wa nje, na huo ukikatika unapata usumbufu lakini injini inabaki nzima kama utazima mapema. Wa taimingi umefichwa nyuma ya kava, una meno upande wa ndani, na kazi yake ni kuunganisha krenki iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti iliyo juu, inayosukuma valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, ili zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde, na ni mpira huo unaoshika hesabu yote. Siku ukikatika, gari linazima palepale.

Na palepale, kwa sisi wa Kigoma, panaweza kuwa katikati ya Uvinza na Malagarasi, abiria wamo ndani na jua linazama. Kulivuta gari kutoka huko hadi mjini kunaweza kuzidi bei ya mkanda wenyewe, tena kwa mbali.

Nimeona watu wengi wakibishana na fundi kuhusu hela ya ufundi, wakati hela kubwa ya kazi hii haipotelei hapo. Inapotelea kwenye maandalizi. Spea nyingi za magari yetu zinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Ukifungua injini kisha ndipo uanze kutafuta vifaa, gari linalala gereji, kila kinachokosekana unakichukua kwa bei yoyote utakayotajiwa, na kikija si chenyewe unaanza upya. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali kidogo na spana.

Hakikisha kwanza gari lako lina mkanda, si cheni

Injini nyingi mpya zinatumia cheni ya chuma badala ya mkanda wa mpira, na cheni haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda. IST, Vitz, Premio za kuanzia 2001 zenye injini za NZ, ZZ na AZ, zote ni cheni. Mwenye IST akiambiwa gereji kwamba mkanda wake wa taimingi umefika muda, huyo anataka kuliwa hela yake.

Zenye mkanda bado ni nyingi sana barabarani kwetu. Corolla, Carina na Spacio ya kwanza zenye 5A-FE, 4A-FE au 7A-FE. Ipsum ya kwanza na RAV4 ya kwanza zenye 3S-FE. Mark II GX100 na GX110, ambazo zinatumia 1G-FE. Subaru Forester na Impreza za zamani zenye EJ20. Upande wa dizeli kuna Hilux na Hiace zenye 3L na 5L, Prado na Surf zenye 1KZ, Hilux Vigo yenye 2KD, Prado yenye 1KD, na Land Cruiser hadtopu yenye 1HZ, ambazo zimejaa mkoa huu kwa sababu ya mashirika yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo.

Usitegemee jina la gari peke yake. Harrier yenye 1MZ-FE ni mkanda, Harrier yenye 2AZ-FE ni cheni, na kwa macho ni gari moja. Hilux yenye 2KD ni mkanda, iliyofuata yenye 2GD ni cheni. Fungua boneti utafute kibati cha aluminiamu, mara nyingi kiko kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kina namba ya chesisi, modeli na aina ya injini. Futa vumbi, piga picha kwa simu, picha isomeke vizuri. Hiyo picha utaitumia tena na tena kwenye kazi hii.

Mkanda uliopo una umri gani

Kwa injini nyingi za petroli za Toyota nilizotaja, hesabu ya kawaida ni kilomita 100,000. Dizeli za 1KD na 2KD vitabu vingi vinataja 150,000. Lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki, ndiyo maana watengenezaji wengi wanataja kilomita au miaka, kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Gari linalotembea hapa mjini tu, Mwanga na Ujiji, halitafika kilomita 100,000 haraka, ila miaka inalihesabu vilevile, na joto na vumbi vinaongeza.

Tatizo ni kwamba wengi hatujui mkanda uliowekwa ulianza lini. Mita ya gari la mtumba huwezi kuiapia. Kuna ushahidi bora kuliko mita: magari yaliyotoka Japani mara nyingi yana stika ndogo ndani ya boneti, kwenye kava la mkanda au ukingoni mwa mlango wa dereva, iliyoandikwa siku mkanda ulipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile zetu. Tafuta namba ndefu yenye km pembeni yake, hiyo ndiyo kilomita ya siku hiyo. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao ya enzi: ukiona H25, jumlisha 1988 unapata 2013. Ukiona R3, jumlisha 2018 unapata 2021. Hesabu hiyo ndogo imewaokoa watu kubadilisha mkanda uliokuwa bado mpya, na wengine imewashtua wakakuta mkanda una miaka kumi na tano.

Kwenye Prado, Surf, Vigo na dizeli nyingine kadhaa kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Watu wanaiamini kupita kiasi. Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu. Ikiwaka maana yake hesabu imetimia. Isipowaka haina maana mkanda ni mzima, kwa sababu fundi yeyote anaweza kuirudisha sifuri bila kugusa mkanda, na mwenye gari anayetaka kuuza ana kila sababu ya kumwomba afanye hivyo. Land Cruiser za mnadani nazo zisikudanganye kwa unadhifu. Shirika linaweza kuwa lilitunza gari vizuri miaka yote, lakini miezi ya mwisho kabla ya mnada hakuna anayeweka mkanda mpya kwenye gari analoliaga. Ukiletewa faili la matengenezo, tafuta mstari wenye mkanda wa taimingi, kilomita na tarehe. Mstari haupo? Hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Wapo mafundi wanaofungua kava la juu, wanaugeuza mkanda kidogo kwa kidole, wanasema haujapasuka, endelea. Mkanda wa kisasa unaweza kuonekana mzuri kabisa mgongoni huku nyuzi za ndani zimekwisha nguvu. Kuutazama kunasaidia upande mmoja tu. Ukiona nyufa, meno yaliyolika, nyuzi zinazochungulia pembeni au mafuta yameulowesha, badilisha hata kama kilomita hazijafika. Ukionekana mzuri, rudi kwenye kilomita na miaka.

Ukikatika, hasara ni kiasi gani? Inategemea injini

Kuna injini ambazo valvu ikibaki wazi, pistoni ikipanda haiifikii. 4A-FE, 5A-FE na 3S-FE ya kawaida ziko kundi hilo: mkanda ukikatika gari linazima, unavutwa, unaweka mkanda mpya, unaondoka. Na kuna injini ambazo pistoni inagonga valvu. EJ20 ya Subaru, 1G-FE ya GX110, 3S-GE ya Altezza, na dizeli karibu zote kwa sababu nafasi iliyopo juu ya pistoni ni ndogo sana. Hapo valvu zinapinda, wakati mwingine na kamshafti inaumia, na silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu, lazima ishuke.

Kama gari lako ni la kundi la pili, usisubiri hadi kilomita za mwisho. Badilisha mapema, hasa kama unakwenda Tabora au Kahama kila wiki. Wenye 5A wana nafasi ya kupumua kidogo, ila wakumbuke kwamba kuzima ghafla kwenye mteremko, stelingi ikawa ngumu na breki zikapoteza usaidizi, ni hatari hata kama valvu hazikuguswa.

Piga hesabu ya seti nzima

Hapa ndipo nataka utulie. Chukua Ipsum yenye 3S-FE. Mkanda wa taimingi wa injini hii unazungusha pia pampu ya oili na wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Kuna beringi mbili, moja inayoukaza mkanda na nyingine ya kuuongoza. Kuna sili, mipira ya kuzuia oili isivuje, za kamshafti, krenki na pampu ya oili. Vyote hivyo vimekaa nyuma ya kava lilelile, na kuvifikia ni kazi ileile.

Nitatumia bei za mfano ili uone mtiririko. Weka za dukani za siku yako mahali pake. Tuseme mkanda ni 60,000, beringi mbili 80,000, wota pampu 70,000, sili tatu 30,000, kulanti (maji ya kupozea) 30,000, kifurushi kuja kwa basi 10,000 na ufundi 120,000. Jumla 400,000.

Sasa mwenye gari anasema, mimi nina hela ya mkanda tu. Mkanda 60,000, kifurushi 10,000, ufundi 120,000. Jumla 190,000, na anaona amebakiza 210,000 mfukoni. Miezi kadhaa baadaye wota pampu ya zamani inaanza kuvuja. Kava linafunguliwa tena. Pampu 70,000, kulanti 30,000, kifurushi 10,000, ufundi 120,000, na mkanda mwingine 60,000 kwa sababu ule uliolowa kulanti haurudishwi. Jumla 290,000. Amelipa 480,000, na bado beringi na sili ni zilezile za zamani zinazongoja zamu yake. Huo ni mwisho mwema. Beringi ikikwama badala ya pampu kuvuja, mkanda mpya unaunguzwa na kukatika kana kwamba haukuwahi kubadilishwa.

Ukikosa hela ya seti nzima, kipaumbele changu ni hiki: mkanda na beringi havitenganishwi kabisa. Sili zinafuata, maana ni bei ndogo na mafuta yakivuja yanaula mkanda. Wota pampu ni lazima kama inazungushwa na mkanda huohuo, kama ilivyo kwa 3S-FE, 1MZ na EJ20. Kwa 5A, 1KZ, 1KD na 2KD pampu inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo kama haivuji na haina mchezo, iache.

Ufundi nao haufanani. Kwenye 1KZ, 1KD na 2KD mkanda uko mbele na juu, puli ya krenki haiguswi, na fundi mzoefu anamaliza mapema. Akikutajia bei ya Subaru kwa kazi ya Vigo, muulize ni kipi hasa anachokwenda kufungua. Kwenye 3S-FE na 5A zilizolala kwa ubavu lazima tairi la mbele kulia litoke, injini ishikiliwe na jeki, maunti (kishikizo cha injini) ifunguliwe, puli ya krenki itolewe. Hiyo ni kazi ya siku na bei yake iheshimiwe. V6 kama 1MZ inabana zaidi.

Kuagiza spea bila kurudishiana

Maduka ya Mwanga yana mikanda ya injini zinazotembea sana. Anza huko, kwa sababu unaweza kuushika mkanda kabla ya kulipa na kuurudisha ukikosewa. Ukikosa, ndipo unapiga simu Dar.

Mtumie muuzaji ile picha ya kibati. Usimwambie "mkanda wa Corona". Mwambie injini, namba ya chesisi, na uulize namba ya kipuri atakachotuma. Kwa Toyota namba za mkanda wa taimingi kwa kawaida huanza na 13568. Mwombe akupigie picha ya mgongo wa mkanda wenyewe, si boksi tu, maana boksi linaweza kubeba chochote. Mkanda mzuri una maandishi yaliyochapwa vizuri, namba kamili, na meno yenye kingo safi. Maandishi yanayofutika kwa kidole, au namba ya mkanda isiyolingana na ya boksi, ni dalili ya feki. Bando, Mitsuboshi na Gates ni majina yenye heshima kwenye mikanda, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayoigwa, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Kwenye beringi angalia kama kuna jina na namba zilizochongwa kwenye chuma, kisha izungushe kwa kidole: iende kimya, yenye uzito kidogo wa grisi, isikwaruze wala kuyumba.

Mkanda wa taimingi wa mtumba usinunue. Milango, taa, hata injini nzima za mtumba zina nafasi yake, lakini mkanda uliotolewa kwenye injini nyingine hakuna anayejua umebakiza nini. Beringi za mtumba ni hivyohivyo.

Kifurushi kikifika stendi, kifungue palepale mbele ya wakala. Hesabu vitu, piga picha, mtumie muuzaji. Mkanda uliokunjwa kwa nguvu hadi ukawa na mkunjo mkali, au uliofungwa na kamba ukabana, umeumia nyuzi za ndani. Ukataeni hapohapo. Na usimpelekee fundi gari hadi kila kitu kiwe mezani kwako, pamoja na kulanti.

Fundi gani

Muulize maswali matatu. Amewahi kufanya injini hii? Si gari hili, injini hii. Ana toki renchi, spana inayokaza kwa kipimo? Ana kitabu au mchoro wa alama za taimingi za injini hiyo, kwenye karatasi au kwenye simu? Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Wengi wa mafundi wetu wamejifunza chini ya mwembe kwa mafundi waliowatangulia, na mikono yao ni mizuri kuliko ya wengi wenye vyeti, lakini boliti ya puli ya krenki inataka kukazwa kwa kipimo. Ikilegea inakula kii, kile kichuma kinachoishika puli kwenye krenki, puli inacheza, na mwisho krenki yenyewe inaharibika. Kama hana toki renchi, aazime gereji ya jirani. Kwa siku moja inawezekana.

Mkubaliane bei ya ufundi kabla, mkitaja na vitu vyote vinavyobadilishwa. Mwambie wazi kwamba spea za zamani zote unaondoka nazo.

Siku ya kazi, kaa karibu

Panga siku ambayo una nafasi. Huhitaji kumsimamia fundi kichwani, lakini kuna dakika chache ambazo lazima uwepo.

Gari liwe limepoa. Betri ichomolewe, na ufunguo ukae mfukoni mwako hadi mwisho, kwa sababu mtu mmoja akipiga stata mkanda ukiwa umetoka kwenye injini ya kundi la kugongana, umeharibu injini kwa mkono. Injini ikishikiliwa na jeki, kipande cha ubao kiwekwe kati ya jeki na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ili isibonyee.

Kabla mkanda haujatoka, fundi anazungusha krenki kwa spana, kuelekea upande injini inakozunguka, hadi silinda ya kwanza ifike juu na alama zote zikae mahali pake: ya puli ya krenki na ya kila kamshafti. Hapo ndipo wewe unasogea. Piga picha za alama hizo kwa karibu, ukitumia tochi. Wengine wanaongeza alama za rangi juu ya mkanda wa zamani na kuzihamishia kwenye mpya kwa kuhesabu meno. Ni njia nzuri, lakini haichukui nafasi ya alama za kiwandani. Mkanda wa zamani ukiwa ulishawahi kuruka jino, utakuwa unanakili kosa.

Mkanda ukitoka, sehemu yote isafishwe. Kama kuna oili au kulanti, tafuteni inakotoka kabla ya kuendelea. Sili mpya iingie imenyooka, mdomo wake ukiwa umepakwa oili. Mkanda mpya usiguswe na mikono yenye mafuta, usikunjwe, na usisukumwe na bisibisi ili uingie. Ukigoma kuingia, kuna kitu hakijalegezwa. Kama una mishale, ifuate mwelekeo wa mzunguko.

Kuukaza ndiko kwenye ufundi wenyewe. Kwenye 3S-FE na 5A kuna springi inayovuta beringi: boliti inalegezwa, springi inavuta, krenki inazungushwa, kisha boliti inakazwa. Fundi asisaidie springi kwa kuvuta na bomba. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unaua beringi na wota pampu. Kwenye 1MZ na 1KD kuna tenshena (kikazio) ya oili, kama pistoni ndogo. Hiyo inabanwa polepole kwenye jiriwa hadi matundu yalingane, inachomekwa pini, inafungwa, kisha pini inatolewa. Ikiwa inavuja oili au inabanika kirahisi kwa mkono, imekufa, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuagiza vitu, kwa hiyo iingize kwenye swali lako la kwanza kwa muuzaji.

Halafu inakuja dakika ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Kabla ya kufunga makava, krenki izungushwe kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, polepole, hadi alama zirudi mahali pake. Mazungumzo yake huwa hivi:

"Fundi, naomba uzungushe mizunguko miwili nione."

"Alama ziko sawa bosi, nimeshaziangalia."

"Nimekuelewa kaka, lakini zungusha tu, na mimi nijifunze."

Akikuta inagoma, asilazimishe. Kugoma ni valvu imekutana na pistoni, na kwa mkono haijaumia bado. Alama zikija kando hata kwa jino moja, mkanda unatolewa na kurudiwa. Gari lililokosewa jino moja linaweza kuwaka na kutembea, ila linakosa nguvu, linanywa mafuta, na mlima wa kupandia linauona mrefu. Kulirekebisha baada ya kila kitu kufungwa ni ufundi mwingine wa siku nzima.

Makava yarudi yote, na boliti zake zote. Nasema hivyo kwa sababu magari mengi hapa mjini yanatembea bila kava la chini la taimingi. Lilivunjika siku moja, au boliti zilipotea, likatupwa pembeni. Kwa barabara za vumbi za vijijini kwetu, changarawe moja ikiingia kati ya meno na puli inatosha kuurusha mkanda. Kama kava lako limekufa, tafuta la mtumba. Hili ndilo la mtumba lisilo na tatizo.

Kwenye zenye taa ya T-BELT, mwambie fundi arudishe hesabu sifuri baada ya mkanda kuingia. Kisha andika kwa kalamu isiyofutika kwenye karatasi, uibandike juu ya kava kwa selotepu pana: tarehe, kilomita, vilivyobadilishwa. Piga picha na risiti zote. Siku ukiliuza gari, mnunuzi wa Kigoma anayejua magari ataiuliza karatasi hiyo kabla hajauliza redio.

Ukikatikia njiani

Dalili yake ni ya ghafla. Injini inazima bila kukohoa. Ukipiga stata inazunguka haraka kuliko kawaida, sauti nyepesi, bila ile hali ya kubana na kuachia. Ukisikia hivyo, usirudie. Kila unaporudia kwenye injini ya kundi la kugongana, valvu nyingine zinapata nafasi ya kupigwa. Weka pembetatu, sogeza abiria mbali na barabara, tafuta wa kukuvuta.

Ukifika gereji, usikubali silinda hedi ishushwe papo hapo kwa injini za 5A na 3S-FE. Weka mkanda kwanza, mzungushe kwa mkono, kisha mpime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwa kila silinda. Zikiwa sawa, hedi ibaki ilipo. Kwa dizeli na EJ20, jiandae kisaikolojia, lakini hata huko kompresheni ndiyo iseme. Mkanda uliokatika ulikatika kwa sababu, na sababu hiyo iko bado mle ndani: beringi iliyokwama, pampu iliyoganda, sili inayovuja, au miaka tu. Ijulikane ni ipi kabla mpya haujawekwa.

Wiki ya kwanza

Baada ya kazi, washa gari boneti ikiwa wazi. Mlio mwembamba wa kama filimbi unaopanda na kushuka na mafuta, unaotoka upande wa kava, ni mkanda umekazwa sana au beringi mbovu. Mlio wa kukwaruza ni mkanda kugusa kava. Yote mawili yanarudishwa siku hiyohiyo, si wiki ijayo.

Kama wota pampu ilibadilishwa, angalia kiwango cha kulanti kila asubuhi injini ikiwa baridi, kwa siku chache, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hutoka na kiwango kinashuka. Kikishuka tena baada ya hapo, kuna mvujo. Tembea nalo kwanza hapahapa, Gungu na Mwandiga, kabla ya kulipeleka Kasulu au Tabora. Na ule mkanda wa zamani uliorudi nao nyumbani, ukate kwa kisu vipande viwili kabla ya kuutupa, maana mkanda mzima jalalani huokotwa, huoshwa, na kesho upo mezani kwa mtu unauzwa.